Uchaguzi wa Gundi kwa Mifano ya Ardhi

Mwalimu wa Jiografia anayefundisha habari za reli hana budi kuwaonyesha wanafunzi kwa nini njia ilipita hapa, wala si pale. Kwa mwanafunzi wa Kiwangwa, mfano mwema ni reli ya Ruvu hadi Mruazi, iliyokamilika mwaka 1963 na kuiunganisha Reli ya Kati na ile ya Tanga. Reli hiyo huvuka mto Wami. Na maana ya bonde, tuta na daraja haieleweki vema katika mchoro bapa wa ubaoni. Yafaa basi ardhi hiyo ifinyangwe, mwanafunzi aione kwa macho na kuigusa kwa mkono.

Zana yenyewe haina gharama. Lile povu gumu jeupe linalokingia redio na majokofu ndani ya maboksi hukatika kwa kisu, nalo hupangwa tabaka juu ya tabaka hata likafanya vilima. Tatizo ni gundi. Mwandishi wa makala haya aliwahi kugandisha vilima jioni kwa gundi ya viatu. Asubuhi, wanafunzi wakiwa wameketi tayari, alikuta mashimo mahali pa vilima. Kazi ya majuma mawili ilipotea, na somo likafundishwa kwa chaki.

Sababu ni hii. Povu hilo ni plastiki iitwayo polistirini, yenye kuta nyembamba zinazofungia hewa. Gundi ya viatu kwa kawaida huwa na viyeyushi, kama vile toluini. Vikigusa kuta hizo huziyeyusha, hewa hutoka, na povu hunywea. Petroli na rangi ya mafuta huweza kuleta madhara yayo hayo. Tena mvuke wa viyeyushi hivyo hulevya na kudhuru ubongo. Kwa hiyo hata kama gundi hiyo ingelifaa povu, isingelifaa watoto.

Gundi zifaazo ni zile za maji, nazo zina masharti yake.

Kwanza, gundi nyeupe ya maseremala. Hii hukauka maji yake yanapotoka. Lakini baina ya vipande viwili vya povu maji hayana pa kupitia. Ipakwe nyembamba, vipande vishikizwe kwa njiti, kisha viachwe siku kadhaa. Povu likibandikwa juu ya ubao, kazi huwa nyepesi, kwa kuwa mbao hunyonya maji.

Pili, uji mzito wa unga wa muhogo. Huu hufaa kubandika vipande vya gazeti juu ya vilima, maana karatasi hunyonya maji. Lakini unyevu wa pwani huleta ukungu, na mende hupenda wanga. Karatasi zikaushwe kabisa penye upepo, ndipo zipakwe rangi ya maji.

Mwalimu asiwape wanafunzi majibu haya kabla ya kazi. Awape vipande vidogo vya povu na gundi za maji, wabashiri, wapake, na kuandika waliyoyaona kesho yake. Gundi ya viatu aijaribu mwenyewe, nje ya darasa, wao wakitazama kwa mbali. Kwa njia hiyo kipande kimoja kilichoharibika huokoa mfano mzima, na somo la Jiografia huzaa somo la Kemia.