Maumivu ya kifua: Usiyaite gesi kabla ya kupimwa

Sisi Waswahili maumivu ya juu ya tumbo tunayaita ya chembe ya moyo, na ya kifuani, yawe ya namna gani, tunayaita kichomi. Majina hayo yamewapoteza wengi. Mzee mmoja alinijia na mfuko wa dawa za vidonda vya tumbo alizozitumia kwa miezi kadhaa bila nafuu. Nikamuuliza, "Mzee wangu, yanakuanza ukiwa unafanya nini?" Akasema ni alfajiri, akipanda kimlima cha kwenda msikitini. Husimama kidogo, yakaisha, akaendelea. Jioni akiwa barazani na kahawa yake hasikii kitu.

Hilo si tumbo. Moyo ni msuli, nao una mishipa yake ya kuulisha damu. Mishipa hiyo ikizibwa kidogo kidogo na mafuta, damu inayopita humtosha mtu aliyetulia. Akitembea haraka, akibeba ndoo, akipandwa na hasira au akienda mwendo baada ya kushiba sana, haimtoshi. Maumivu yanayotokea ndiyo anjina. Mgonjwa huhisi kubanwa au kuelemewa katikati ya kifua, pengine hadi mkono wa kushoto, shingo au taya, na akipumzika huondoka ndani ya dakika chache. Wengi wakieleza hukunja ngumi wakaiweka kifuani. Anayeonyesha kwa ncha ya kidole, na pakibonyezwa panauma, aghalabu shida yake ni misuli au mbavu, ingawa naye apimwe.

Yakija mtu ameketi, yakizidi siku hadi siku, au yakipita dakika 15 pamoja na kijasho chembamba, kichefuchefu au kukosa pumzi, huenda ni shambulio la moyo. Msimpe soda, msimkande, msingoje kuche. Aketi, asitembezwe, itafutwe gari. Na bi mkubwa mwenye kisukari anaweza asiumwe kabisa, akawa anachoka na kuhema tu.

Yapo na mengine ya moyo. Utando wake ukivimba, maumivu huchoma zaidi mtu akilala chali na hupungua akiinama mbele. Maumivu ya ghafla kama ya kuchanwa, yanayopenya mgongoni, hasa kwa mwenye presha, huweza kuwa mshipa mkuu umechanika. Huyo aspirini humdhuru, ndiyo maana nasema asipewe mpaka mhudumu wa afya aelekeze.

Kipimo cha umeme wa moyo kikitoka safi siku ambayo huumwi, usirudi nyumbani ukasema umepona. Mwambie daktari yanakuja ukifanya nini. Wanaohitaji kuchunguzwa mishipa hupelekwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015.

Ukiandikiwa kidonge cha kuweka chini ya ulimi, keti kwanza, kwani hushusha presha. Usikichanganye na dawa za nguvu za kiume; wanaume wengi huona haya kusema, na mchanganyiko huo huua. Ama kuhusu Ramadhani, Baraza la Kimataifa la Fiqhi, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997, liliamua kuwa kidonge hicho hakifunguzi mradi mtu asimeze kinachofika kooni. Basi kiwe mfukoni mwako hata ukiwa umefunga.