Kiarabu cha Msafiri Mitaani Eastlands: Maneno Yanayosaidia na Yanayopotosha

Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Pumwani na Kaloleni hadi Kayole na Dandora, si ajabu kumkuta msichana akikariri maneno ya Kiarabu kwa ajili ya kazi za nyumbani nchini Saudi Arabia. Serikali ya Kenya ilisitisha safari hizo mwaka wa 2014, kisha ikaziruhusu tena mwaka wa 2017 kwa masharti mapya, likiwemo la mafunzo kabla ya kuondoka. Mafunzo hayo, ambayo husimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, hugusia Kiarabu cha msingi. Kwa kuwa muda ni mfupi, ni muhimu kubainisha kile ambacho mzungumzaji wa Kiswahili tayari anakijua na kile anachodhani anakijua.

Kwanza, ipo akiba ya msamiati. Sukari, sabuni, sahani, samaki, dawa na dakika ni maneno yenye asili ya Kiarabu, na mwenyeji huyatambua bila taabu. Katika hesabu, sita, saba na tisa zimekopwa, kadhalika makumi yote kuanzia ishirini hadi tisini. Kwa hiyo mwanafunzi hana budi kukazania tarakimu chache tu zilizosalia.

Pili, kuna tatizo la sauti. Kiswahili kimeziunganisha sauti mbili za Kiarabu, ‘q’ na ‘k’, zikawa moja. Katika Kiarabu ‘qalb’ ni moyo, ilhali ‘kalb’ ni mbwa. Mshairi wa Kiswahili anapoutaja moyo kama kalbi haleti utata wowote. Msafiri akitamka hivyo ugenini atakuwa ametaja mnyama.

Tatu, maana za baadhi ya maneno zimehama. ‘Qarib’, asili ya karibu, ni -a karibu au jamaa, wala si neno la kumkaribisha mgeni. Anayekaribisha husema ‘tafaddal’, ambalo kwetu limekuwa tafadhali, neno la kuombea. Anayeomba naye husema ‘min fadlak’ kwa mwanamume na ‘min fadlik’ kwa mwanamke. Vilevile ‘maktab’ ni ofisi. Mkataba wenyewe huitwa ‘aqd’. Asiyelijua neno hili hawezi hata kuuliza juu ya karatasi aliyotia sahihi.

Nne, yapo majira. Mwajiri akisema watoto waamshwe ‘as-sa’a as-sabi’a’, mgeni husikia saa saba. Kumbe Waarabu wa leo huhesabu kuanzia usiku wa manane, na saa hiyo ni saa moja ya asubuhi kwa hesabu ya Waswahili. Kosa hili halitokani na uvivu, lakini huenda likachukuliwa hivyo.

Tano, Kiarabu hutofautisha jinsia, jambo ambalo ngeli za Kiswahili hazina. Mwanamume aliyechoka ni ‘ta’ban’, mwanamke ni ‘ta’bana’. Kwetu neno hilo limezaa taabani, hali ya mtu aliyezidiwa. Isitoshe, ‘ana’ katika Kiarabu ni mimi. Hivyo basi, ‘ana ta’bana’ ni kauli ya mwanamke anayejisemea mwenyewe, wala haimhusu mtu wa tatu.

Swali linalobaki ni maneno yapi yatangulie. Aghalabu mwanafunzi huanza na vyombo vya jikoni. Hata hivyo, maneno hayo nyumba yenyewe itamfundisha, kwani kila siku ataagizwa kwayo. Yasiyofundishwa na mwajiri ni yale ya kujitetea: ‘ana marida, uridu tabib’ (mimi ni mgonjwa, nataka daktari), ‘ayna ratibi?’ (mshahara wangu uko wapi?), ‘jawaz’ (pasipoti), na ‘sifara’ (ubalozi). Mazungumzo ya Saudia huweza kutumia ‘abgha’ badala ya ‘uridu’, lakini usemi fasaha hueleweka.

Ni dhahiri kwamba ‘marida’ ni jamaa wa maradhi, na ‘tabib’ ndiye tabibu wetu. Etimolojia, ambayo wanafunzi wengi wa Kiswahili huisoma kwa ajili ya mtihani tu, inaweza kuwa msaada kwa jirani anayefunga mizigo. Kumwelekeza jirani huyo kwa saa moja kabla hajaondoka ni kazi ambayo mwanafunzi yeyote wa Kiswahili anaiweza.