Mavuno ya Ziwani Hupimwaje?

Mkulima wa ngano wa Mau Narok, huko juu penye baridi, haulizwi tu amevuna magunia mangapi. Huulizwa pia ni katika ekari ngapi. Magunia mia mbili ya ekari kumi ni sifa, ya ekari mia ni aibu. Tena hutoa kwanza gharama za mbegu, mbolea na mashine ya kuvunia, ndipo ajue kama shamba limemlisha au yeye amelilisha shamba.

Ateremkaye Mau mpaka Ziwa Naivasha, ambako uvuvi wa biashara ulianza mwaka 1959, atakuta hesabu ni ile ile, ila mahali pa ekari pana wavu na usiku. Chukua mfano: mvuvi mmoja ana nyavu kumi, hupata samaki mia kwa usiku, jirani yake ana nyavu arobaini, hupata mia mbili. Sokoni jirani ndiye aitwaye tajiri. Lakini kila wavu wa yule wa kwanza umeleta samaki kumi, na wa jirani watano tu. Nazo nyavu arobaini hununuliwa, hushonwa zikipasuka, na hutaka watu wengi zaidi wa kulipwa.

Bwana Michael Graham, mtaalamu wa samaki kutoka Uingereza, alipima Ziwa Victoria kwa njia hiyo mwaka 1927 na 1928. Nyavu za kigeni zilikuwa zimeingia huko tangu mwaka 1905. Katika Ghuba ya Kavirondo, ambayo siku hizi huitwa Winam, aliona kwamba ngege wa kila wavu wamepungua sana, ingawa nyavu zilizidi kutegwa. Alishauri tundu la wavu lisipungue inchi 5. Sheria ikawekwa, nayo Kenya iliiondoa mwaka 1961.

Taabu ni kwamba ziwa halina ua. Mkulima akizidisha mbolea bure, hasara ni yake mwenyewe. Mvuvi akiongeza wavu, baadhi ya samaki atakaowapata wangaliingia katika wavu wa mwenziwe. Kwa hiyo kila mtu hutenda lililo busara kwake, na wote pamoja hupungukiwa. Mwaka 1954 Bwana H. Scott Gordon wa Canada alilieleza jambo hilo kwa elimu ya uchumi: mashua huzidi kuongezeka mpaka gharama zote zilingane na mapato yote, na faida imekwisha. Katika Ziwa Victoria mashua zilizohesabiwa mwaka 2000 zilikuwa kama 42,000. Kufika mwaka 2016 zilizidi 70,000.

Naivasha walikwisha kuonja matokeo yake. Mwaka 2001 samaki walikuwa haba hata uvuvi ukafungwa, na ulipofunguliwa tena idadi ya mashua ikawekewa mpaka. Nyavu zilizobaki zikapata nafasi. Lakini hesabu ya samaki kwa wavu, pamoja na uzuri wake wote, haina safu ya kumwandikia mvuvi aliyenyimwa leseni, ambaye watoto wake walikuwa wakilipiwa karo kwa samaki wale wale.