Fursa ya michezo ya mtandaoni Bunia ipo kwenye malipo

Kijana wa Bunia, makao makuu ya jimbo la Ituri, anaweza kucheza Free Fire kwenye simu bila malipo. Lakini akitaka kununua almasi za mchezo, asipokuwa na kadi ya benki anakwama. Fedha zake ziko M-Pesa au Airtel Money.

Pengo hilo ni biashara. Carry1st ya Afrika Kusini, iliyoanzishwa 2018, imekua kwa kuuza bidhaa za michezo kupitia njia za malipo za Kiafrika. Januari 2022 ilipata dola milioni 20 za wawekezaji, Google ikiwemo.

Wakala mdogo naye anaweza kuanza kwa simu na intaneti. Ila akikosea tarakimu moja ya namba ya mchezaji, almasi zinaenda kwa mwingine, na hasara ni yake.