Mwezi Ukijaa: Ziwa Linalala, Ghuba ya Chwaka Inaamka

Kila mmoja wetu anayeuza ndakala, awe Uvira, Baraka ao Kalemie, anaijua hesabu ya mwezi. Usiku wa giza wavuvi wanawasha taa, ndakala wanafuata mwangaza, na asubuhi kuna kazi. Mwezi ukijaa, taa hazivuti samaki tena. Mitumbwi inabaki ufukoni, wavuvi wanashona nyavu, na bei inapanda kabla hatujafika sokoni.

Juma hili tunawapeleka mahali ambapo mwezi uleule unaleta chakula: Ghuba ya Chwaka, upande wa mashariki wa kisiwa cha Unguja, Zanzibar. Ni ghuba ya maji mafupi, yenye mikoko upande wa kusini na majani ya baharini chini. Tofauti na ziwa letu, bahari inapanda na kushuka mara mbili kwa siku. Mwezi ukijaa, na tena mwezi mpya ukiandama, maji yanakwenda mbali kuliko siku zote. Watu wa pwani wanaita bamvua. Tofauti ya maji kujaa na kupwa inaweza kupita mita tatu, na sehemu kubwa ya ghuba inabaki wazi. Siku za bamvua maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na kila siku inayofuata yanachelewa karibu dakika hamsini. Kati ya bamvua moja na nyingine yanakuja maji mafu, yasiyosogea sana, na hapo kwa miguu hakuna cha kupata.

Saa hizo chache ndizo shamba la wamama. Wanaume wana ngalawa, mishipi na madema ya kutegea tasi na changu, wamama wanatembea. Wanaokota chaza, wanachokoa pweza kwenye mashimo ya miamba, wengine wanafunga mwani kwenye kamba, kazi iliyoanza pwani ile mwaka 1989. Hakuna mafuta ya kununua wala mtumbwi wa kukodi.

Wakati mzuri ni Oktoba na Novemba. Kusi, upepo unaovuma kwa nguvu katikati ya mwaka, umechoka. Kaskazi bado haujashika. Bahari inatulia, maji yanaanza kupata joto, na mtu anaona chini vizuri. (Mwani aina ya kotonii haupendi joto hilo likizidi: unapauka na kukatika, na mwenye kamba anapata hasara.)

Tuseme kidogo juu ya pweza, maana habari yake ilitugusa. Anaishi mwaka mmoja na zaidi kidogo tu. Jike anataga mara moja, anakaa shimoni akiyalinda mayai bila kula, na yakianguliwa anakufa. Ukimtoa shimoni kabla, umetoa na watoto wote. Lakini pweza mdogo anakua haraka sana. Ukimwacha miezi michache uzito unaongezeka mara kadhaa. Ndiyo sababu Andavadoaka, huko Madagaska, walianza mwaka 2004 kufunga sehemu ya mwamba kwa muda. Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba, nao wakafuata njia hiyo.

Hapo ndipo tunataka tusimame. Sisi wa Tanganyika neno «kufunga» tunalijua. Mwaka 2024, upande wa Tanzania, ziwa lilifungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Hatupingi samaki kupumzishwa. Kila mmama anayeanika ndakala ameona wanavyozidi kuwa wadogo. Lakini kule pwani wanafunga kipande, na sehemu nyingine inabaki wazi, hata chungu kinapata kitu. Kufunga ziwa zima miezi mitatu ni jambo lingine. Mvuvi anaambiwa apumzike. Mmama aliyekopa franga za kununulia mzigo, nani anamwambia mkopeshaji wake apumzike?

Tena, hata kule mambo si sawasawa. Bei ya pweza ilipopanda, vijana wanaume wenye miwani ya kuzamia waliingia kwa wingi. Wanafika kwenye maji marefu ambako mmama wa miguu hafiki, na yeye anabaki na miamba ya karibu iliyochokolewa kila bamvua. Mwamba ukifunguliwa, wenye nguvu ndio wanatangulia. Kwa hiyo siku ya kufungua inahitaji kupangwa kama siku ya kufunga: nani anaingia kwanza, mwisho wa siku nani anapima.

Wenye kuketi na kamati za wavuvi katika fuo zetu, tunaomba muulize mapema, kabla ya Mei: wauzaji na waanikaji wameandikwa katika orodha, ao ni wenye mitumbwi peke yao?