Sinema za Majasusi na Mshono Usioonekana

Watazamaji wengi wa sinema za majasusi huamini kwamba picha ndefu isiyokatwa haiwezi kusema uongo. Sisi tunaona imani hiyo yafaa ipimwe.

Katika filamu ya "Spectre" ya mwaka 2015, iliyoongozwa na Sam Mendes, kamera inamfuata James Bond mjini Mexico City katika Sikukuu ya Wafu: kutoka barabarani penye umati, ndani ya hoteli, hadi juu ya paa. Kwa muda wa dakika nne hivi jicho halioni mkato. Lakini mikato imo; vipande kadhaa vimeungwa kwa ufundi hata mshono usionekane. Mtazamaji hapewi nafasi ya kupumua, naye huwa kama jasusi mwenyewe, asiyejua hatari itatokea upande gani.

Jambo kubwa zaidi lilifuata. Maandamano yale yalibuniwa kwa ajili ya filamu. Mji huo haukuwa na desturi hiyo. Mwaka 2016 wakuu wa mji wakayaanzisha kweli, ili wageni waliotazama sinema wasiyakose.

Hatuwalaumu, kwani utamaduni hukua. Hata hivyo, sisi watu wa visiwani, ambao Mwaka Kogwa wetu wa Makunduchi hutazamwa na wageni wengi, tunalo la kujifunza. Rai yetu kwa wahusika ni hii: mwenye kamera apokewe kwa heshima, lakini wazee wenye mila waulizwe kwanza. Mshono usioonekana leo, kesho huitwa asili.