Ugumba nchini Rwanda: Kwa nini mume na mke wapaswa kupimwa pamoja

Kinyarwanda humwita mtu asiyezaa ingumba. Kiswahili humwita mgumba. Mzizi wa maneno hayo ni mmoja, na katika lugha zote mbili neno hilo halitamkwi mbele ya mwenyewe. Husemwa pembeni, baada ya harusi ambayo wageni waliwatakia maharusi wazae hungu na kobwa, yaani wavulana na wasichana, kisha mwaka ukapita, na wa pili ukapita, bila habari yoyote. Katika nchi ambayo utafiti wa kitaifa wa watu na afya wa mwaka 2019-2020 ulionyesha kuwa mwanamke huzaa kwa wastani watoto 4.1, nyumba isiyo na mtoto huonekana upesi, na aghalabu anayeulizwa ni mke.

Shirika la Afya Duniani, WHO, huhesabu ugumba kuwa ni hali ya kutopata mimba baada ya miezi 12 au zaidi ya kujamiiana mara kwa mara bila kinga. Katika ripoti yake ya mwaka 2023 shirika hilo lilikadiria kwamba takriban mtu mmoja kati ya sita duniani hukumbana na hali hiyo katika maisha yake. Miezi 12 hiyo ina maana yake: wanandoa wengi walio wazima hawapati mimba mwezi wa kwanza wala wa pili, na anayekimbilia dawa baada ya miezi mitatu huenda anajitibu maradhi asiyokuwa nayo. Hata hivyo madaktari hushauri mwanamke aliyefikisha miaka 35 asingoje zaidi ya miezi sita. Mwenye hedhi isiyotabirika, maumivu makali ya hedhi au historia ya upasuaji wa tumbo la chini hana sababu ya kungoja hata kidogo.

Kigali ina takwimu zake katika jambo hili, nazo zastahili kujulikana kuliko zinavyojulikana. Kati ya Novemba 2007 na Mei 2009, kliniki ya utafiti wa ugumba ilifunguliwa katika Hospitali ya Chuo Kikuu ya Kigali, CHUK. Watafiti wakiongozwa na daktari Nathalie Dhont waliwaandikisha wanawake 312 na wenzi wao 254. Katika jozi 224 zilizochunguzwa kikamilifu, kasoro ilikuwa kwa mwanamke peke yake katika asilimia 31, na kwa mwanamume peke yake katika asilimia 16. Katika nusu ya jozi hizo, asilimia 50, wote wawili walikuwa na kasoro. Ni asilimia 3 tu ambao sababu haikupatikana.

Hao walikuwa watu waliofika hospitalini kutafuta tiba, hivyo takwimu hizo si picha ya wakazi wote wa Rwanda. Lakini kwa yeyote anayeketi leo mbele ya daktari mjini Kigali zinatoa funzo moja la wazi: anayempeleka mke peke yake kupimwa ana uwezekano mkubwa wa kuiacha nusu ya tatizo nyumbani.

Mirija iliyoziba

Katika utafiti huo wa Kigali, asilimia 69 ya wanawake walikutwa na kasoro ya mirija ya uzazi. Mirija hii miwili ndiyo njia ambamo yai hupita kutoka kwenye ovari, na ndani yake ndimo yai hukutana na mbegu ya kiume. Ikiziba, hedhi huendelea kuja kila mwezi kama kawaida, mwanamke hahisi lolote, na mimba haitungi.

Kinachoiziba, mara nyingi, ni maambukizi ya zamani. Klamidia na kisonono huweza kukaa mwilini mwa mwanamke kwa muda mrefu bila dalili, huku vikipanda kutoka kwenye mlango wa kizazi hadi kwenye mirija na kuacha makovu. Maambukizi baada ya kujifungua, utoaji mimba usio salama na hata kifua kikuu kinachoshambulia viungo vya uzazi huleta matokeo hayo hayo. Watafiti wa CHUK waliona kuwa kasoro ya mirija iliambatana na maambukizi ya virusi vya Ukimwi, na pia na historia ya dalili za magonjwa ya zinaa kwa mwenzi wa kiume. Hili la mwisho lapaswa kusomwa mara mbili: ugonjwa wa mume ambao haukutibiwa huweza kuonekana miaka kadhaa baadaye kama ugumba wa mke.

Mirija huchunguzwa kwa picha ya eksirei baada ya rangi maalumu kuingizwa katika mji wa mimba. Rangi ikimwagika upande wa pili, njia i wazi. Kama imeziba, upasuaji huweza kusaidia baadhi ya wanawake, lakini mrija uliofunguliwa huongeza hatari ya mimba kutunga humo humo, jambo linaloweza kuua. Penye uharibifu mkubwa, njia yenye matumaini zaidi ni utungishaji wa mimba nje ya mwili, unaofahamika kwa kifupi IVF. Na mrija uliovimba na kujaa maji huondolewa kwanza, kwa sababu maji hayo yakirudi kwenye mji wa mimba hupunguza nafasi ya kiinitete kushika.

Ovari, endometriosisi na fibroidi

Tatizo la pili ni la yai kutotoka kwa mpangilio. Chanzo chake kikuu ni hali ya homoni iitwayo PCOS, ambayo WHO inakadiria kuwa huwapata wanawake kati ya 10 na 13 katika kila mia walio katika umri wa kuzaa. Hedhi huja baada ya siku 40, 60, au haiji kabisa. Nywele huota kidevuni, chunusi hazikomi, uzito huongezeka kwa urahisi. Picha ya ultrasaundi huonyesha vifuko vingi vidogo kwenye ovari, na hapo ndipo wengi hutaharuki wakidhani wana uvimbe wa kukatwa. Vifuko hivyo ni mayai yaliyokomaa nusu na kusimama, havihitaji kisu.

Kati ya magonjwa yanayotajwa hapa, hili ndilo linalotibika kwa urahisi zaidi. Kwa mwenye uzito mkubwa, kupunguza hata asilimia 5 ya uzito huweza kurejesha hedhi. Dawa inayopendekezwa kwanza siku hizi ni letrozole, inayolichochea yai litoke. Jaribio kubwa lililochapishwa Marekani mwaka 2014 lilionyesha kuwa wanawake wenye PCOS walioitumia walijifungua kwa asilimia 27.5, dhidi ya asilimia 19.1 ya waliotumia clomiphene, dawa ya zamani. Dawa hizi hazipaswi kununuliwa dukani kwa kuelekezwa na jirani. Bila daktari kufuatilia kwa ultrasaundi, mayai mawili au matatu huweza kutoka kwa pamoja, na mapacha watatu katika mimba moja si neema ya bure kwa mama wala kwa watoto.

Endometriosisi ni kisa kingine. Hapa tishu inayofanana na ile ya ukuta wa ndani wa mji wa mimba huota nje yake, kwenye ovari, mirija au nyuma ya kizazi, na kuleta makovu na maumivu. WHO inakadiria kuwa karibu asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa wanayo. Msichana anayelala chini kila mwezi kwa maumivu huambiwa kwamba ataacha kuumwa akizaa, kisha anaolewa na hazai, na ndipo ugonjwa unapogunduliwa. Vidonge vya homoni hutuliza maumivu lakini huzuia yai kutoka, kwa hiyo havimsaidii anayetafuta mtoto kwa wakati huo. Kwake yeye njia ni upasuaji wa matundu madogo au IVF, kutegemea umri na ukubwa wa makovu. Wenye hali nyepesi wengi hushika mimba bila tiba yoyote.

Kuhusu fibroidi, uvimbe usio wa saratani katika misuli ya kizazi, wasiwasi mara nyingi huzidi hatari. Wanawake wenye asili ya Kiafrika huupata zaidi na mapema zaidi kuliko wengine, na wengi wanao bila kujua na wanazaa. Unaozuia mimba waziwazi ni ule unaoingia ndani ya nafasi ya mji wa mimba na kuupindisha ukuta wake. Kabla ya kukubali upasuaji, mgonjwa ana haki ya kuuliza swali moja: uvimbe wangu uko wapi? Ukubwa peke yake si jibu. Aliyefanyiwa upasuaji wa kina huenda pia akalazimika kujifungua kwa upasuaji baadaye.

Upande wa mwanamume

Asilimia 64 ya wanaume waliopimwa katika kliniki ile ya CHUK walikuwa na kasoro ya mbegu. Kipimo chenyewe ni rahisi, hakina maumivu na ni nafuu kuliko karibu kila kipimo anachofanyiwa mwanamke: manii huchunguzwa kwa hadubini ili kuhesabu mbegu, kutazama mwendo wake na umbo lake. Matokeo mabaya mara ya kwanza hurudiwa baada ya wiki kadhaa, kwa kuwa mbegu huchukua takriban miezi mitatu kutengenezwa na homa kali iliyopita huweza kuziharibu kwa muda. Nguvu za kiume si ushahidi wa uzazi. Mwanamume asiye na tatizo lolote chumbani huweza kukosa mbegu kabisa.

Kinachowazuia wengi ni aibu. Gharama yake huonekana katika makala nyingine ya watafiti hao hao, iliyochapishwa mwaka 2011: ukatili wa nyumbani na kuvunjika kwa ndoa viliripotiwa zaidi na jozi zisizozaa kuliko zilizozaa, na mzigo ulikuwa mzito zaidi kwa wanawake, ingawa wanaume pia hawakusalimika.

Sheria, dini na mfuko

Mwaka 2016 sheria ya watu na familia ilikwisha kutambua kwamba uzazi waweza kuwa wa kawaida au wa kusaidiwa kitabibu kwa makubaliano ya wahusika. Maelezo ya kina yalikosekana, na baadhi ya wanandoa walilazimika kwenda mahakamani. Agosti 2025 Bunge lilipitisha sheria mpya ya huduma za afya inayoruhusu na kuratibu uzazi wa kusaidiwa, pamoja na kubebewa mimba na mwanamke mwingine. Vichwa vya habari wakati huo vilishikwa na kifungu cha uzazi wa mpango kwa vijana kuanzia miaka 15, na hiki cha ugumba kikapita kimyakimya.

Kwa wasikilizaji wengi wa Biryogo na Nyamirambo, swali la dini huja kabla ya lile la sheria. Tangu fatwa ya Al-Azhar ya mwaka 1980, wanazuoni wengi wa Kisunni wamekubali IVF maadamu yai ni la mke, mbegu ni ya mume na ndoa ingali hai; yai, mbegu au tumbo la mtu wa tatu hukataliwa. Kanisa Katoliki, kwa waraka wake wa mwaka 1987, halikubali IVF hata kwa wanandoa, lakini halipingi tiba inayousaidia mwili kushika mimba wenyewe, kama dawa za PCOS au upasuaji wa mirija.

Kisha kuna fedha. IVF mjini Kigali hugharimu mamilioni ya faranga, na haina dhamana. Takwimu za Uingereza, nchi alikozaliwa mtoto wa kwanza wa IVF mwaka 1978, zinaonyesha kuwa kwa mwanamke aliye chini ya miaka 35 kila kiinitete kinachopandikizwa huzaa mtoto mara moja katika tatu hivi; kwa aliyefikisha miaka 43, ni karibu asilimia 5. Ndiyo maana miaka inayopotea kwa waganga, mvuke na mitishamba ni hasara kuliko fedha zenyewe.

Njia ya kawaida kwa mwenye mituweli huanzia kituo cha afya, ambako mchango wa mgonjwa ni faranga 200, na kutoka hapo hupewa rufaa kwenda hospitali ya wilaya na hatimaye hospitali kubwa, ambako hulipa asilimia 10 ya huduma zinazogharimiwa na bima. Ni vyema kuuliza mapema ni vipimo vipi bima inavilipia. Wanandoa waende wote wawili, wakiwa na tarehe za hedhi za miezi sita iliyopita zilizoandikwa, majibu ya vipimo vya zamani na majina ya dawa zote walizotumia, za hospitali na za kienyeji.

Na mimba ikishika, safari ya hospitali haijaisha. Mwenye PCOS hupimwa sukari mapema, kwa kuwa hatari yake ya kisukari cha mimba ni kubwa. Mwenye endometriosisi huangaliwa kondo la nyuma lilipojishikiza. Aliyewahi kuharibika mirija hufanyiwa ultrasaundi katika wiki ya sita au ya saba, kuhakikisha kwamba mimba iko ndani ya kizazi. Akihisi maumivu makali upande mmoja wa tumbo, kizunguzungu au kutokwa damu kabla ya siku hiyo, aende hospitali saa hiyo hiyo.